Kamba ya Wambaa

Chokocho
12 Agosti 2024

Ndugu yangu Talib bin Duni,

Assalaam alaykum.

Usishangae kuona karatasi. Tangu Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi Kubwa, nakupigia simu na wewe unakata, na mara ya mwisho haikulia kabisa, nikajua umenifungia. Barua hii anakuletea Fahmi, yule mwenye ndevu za hina anayepeleka samaki Wete kwa pikipiki. Nimemwambia asiondoke mpaka uipokee mkononi.

Hali yangu unaijua kwa kusikia. Tangu dume liliponiangusha kwenye ule mchezo wa ng'ombe wa Wambaa, miaka mitatu na nusu sasa, kuanzia kiunoni kwenda chini sijui tena kama miguu ni yangu. Vidonda vya mgongo vimeingia ndani. Mwezi uliopita hospitali walinirudisha nyumbani. Daktari alizungumza na mke wangu Nihal nyuma ya pazia, akadhani sisikii. Kilichovunjika ni kiuno, masikio ni mazima.

Sikuandikii unionee huruma. Kuna jambo.

Mwaka 2018, msimu wa karafuu, baba yako Mzee Duni alianguka kutoka juu ya mkarafuu shambani kwetu akafa. Msibani niliwaambia watu kwamba aliteleza. Hakuteleza. Kamba aliyofungia tawi ilikatika. Kamba ile nilimpa mimi. Aliishika asubuhi akaniambia, "Jawad mwanangu, hii imeoza." Nikamjibu, "Kwa leo itafaa, Mzee, kesho nitaleta mpya." Alipoanguka, kabla sijaita watu, niliichukua kamba nikaificha ghalani. Halafu ndio nikaita.

Haki ya mtu kwa mtu Mungu haifuti mpaka mwenyewe aifute. Mzee hayupo, na mtoto wake wa kiume ni wewe. Naomba radhi yako kabla sijafa. Sitaki maneno mengi, niandikie tu kwamba umenisamehe.

Ndugu yako,
Jawad Sleiman


Wete
19 Agosti 2024

Kwako yakhe Jawad,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua nimeipata, inanuka samaki changu. Fahmi kanigandia mpaka nikaipokea, watu wakadhani kaniletea samansi za mahakama, wateja wawili wakakimbia.

Hati yangu uisamehe. Mie skuli niliacha darasa la nne, hatukuelewana na mwalimu nani ampige nani. Karatasi hii nimepewa na muuza nyama na kalamu nimeazima, kwa hiyo ukiona pahala pamekatika ujue mwenyewe kaja kuitaka kalamu yake.

Mambo ya huku mazuri, tunahangaika tu. Mvua ikinyesha nauza miavuli, jua likiwaka nauza miwani, likiwa wingu nauza maneno. Sasa hivi nina makava ya simu, vyandarua, dawa ya panya na manukato. Juzi nilikosea, bibi mmoja kaja kuchukua manukato aliyolipiwa na mumewe, nikampa chupa ya dawa ya panya. Kainusa kasema, "Hii ndio aliyonunua mume wangu?" Nikamwambia bibi, mumeo anakupenda, lakini anunue tena.

Mguu wangu haujambo, unanisaidia biashara. Nikichechemea mbele ya watu wa ofisini wananunua miwani miwili miwili. Mwenzangu wa meza ya pili mzima wa miguu yote, hauzi kitu.

Mama, Bi Mwanapili, yupo na anakula. Masikio mazito kidogo ila la kumuudhi analisikia. Unajua aliapa. Siku ya kuondoa msiba wa baba alisimama mlangoni kasema, kafia shambani kwao Jawad, basi wa kwangu hawamziki wa kwao na wa kwao hawanizikii. Ndio mpaka leo hatuzikani. Alipokufa shangazi yako sikuja, na alipokufa mjomba wangu Soud hamkuja. Mwaka huu kashikwa na kwikwi siku mbili, nikamuuliza mama kulikoni, kasema, "Nimesikia mtu wa Chokocho kapita njiani." Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Basi ndugu yangu, jitahidi kula. Uji wa mtama na asali. Maziwa. Usilale upande mmoja.

Salamu kwa Bi Nihal na watoto. Mwenye kalamu kashafika.

Mimi,
Talib


Chokocho
27 Agosti 2024

Talib,

Barua yako Nihal kanisomea, na mimi nimecheka pale pa bibi na chupa. Kucheka kwaniuma ubavu lakini nimecheka.

Sasa nijibu. Umejaza karatasi pande zote mbili ukaniambia kila kitu kilichoko sokoni Wete. Sikukuuliza habari za soko.

Kama unakataa, sema nakataa. Hilo nitalipokea. Lakini usiniache hapa nangoja pikipiki ya Fahmi. Nikiisikia kwenye kona nautazama mlango, anaingia, kumbe kaja kuomba maji.

Mkono umechoka.

Jawad


Wete
4 Septemba 2024

Yakhe Jawad,

Assalaam alaykum. Nimeona. Wewe zamani ulikuwa mtu wa mzaha, tukikaa kwenye mchezo unawatania mpaka wanawake wanaoimba. Kitanda kimekutia uzito.

Haya. Kuhusu kamba ya baba, nilijua. Usidhani umeniambia jipya. Ulificha nusu, nusu nyengine ilibaki juu ya tawi. Siku ya tatu ya msiba, watu wanakula, mimi nilipanda ule mkarafuu nikaikuta. Imeoza inatoka unga. Niliichukua nikaitia mfukoni, nikashuka, nikakaa na watu. Nikakuona unagawa kahawa, unampa huyu, unampa yule. Ulipofika kwangu ukasema, "Kunywa Talib, utapata nguvu." Nikanywa. Ilikuwa nzuri, ina tangawizi.

Sasa ungetaka nikuandikie radhi hivi hivi. Mama je? Mama hakubali. Mimi kijana wake, siwezi kupita juu ya kiapo chake. Hiyo ndio sababu, hakuna nyengine. Ungekuwa wewe ungefanyaje.

Lakini mimi si mtu mbaya, unanijua. Nimekununulia pempasi za wakubwa, paketi mbili, na poda ya mgongo ile nzuri ya kopo la buluu, na mto wa kuzuia vidonda. Nimevipata kwa bei ya rafiki, usiulize. Fahmi kasema atavifunga juu ya kapu la samaki, nikamwambia ole wako vinuke.

Pumzika. Mambo mengine tumuachie Mola.

Talib


Chokocho
11 Septemba 2024

Kwa Talib Duni,

Assalaam alaykum. Naandika mimi Nihal, mke wa Jawad. Yeye sasa hawezi kushika kalamu.

Vitu vyako nimemrudishia Fahmi vyote. Nimebakisha poda moja tu kwa sababu kopo lilikuwa limeshapasuka njiani. Sikurudisha kwa jeuri. Kila aliposikia gari au pikipiki alidhani ni jibu lako, na siku ile kaletewa pempasi. Aligeuka ukutani. Unajua ana kazi gani mtu asiye na kiuno kugeuka ukutani mwenyewe?

Usituletee vitu. Mwandikie neno analolitaka au mwandikie hapana. Daktari wa kituo kaja jana, kasema tusihesabu wiki.

Bi Mwanapili ni mama yako na ana haki ya kuapa. Lakini aliyeapa ni yeye na anayeombwa ni wewe. Mimi nadhani sababu yako si mama. Ipi sijui, na sitaki kujua. Andika tu.

Nihal


Wete
30 Septemba 2024

Kwake Jawad, mwenyewe, asisome mwengine.

Assalaam alaykum.

Wiki tatu kila siku naanza barua hii, nachana. Muuza nyama kasema nimemmalizia karatasi, nyama anafungia majani ya mgomba.

Nataka nianze na mzaha na sina. Ajabu. Mie naweza kumuuzia kipofu miwani, lakini leo kinywa kikavu.

Mkeo kasema sababu si mama. Kasema kweli. Sababu ni hii, isome polepole.

Kamba ya mchezo wa Wambaa niliileta mimi. Hilo kila mtu anajua, nilijisifu nayo, kamba mpya, unene wa mkono wa mtoto. Wasichokijua ni kwamba siku mbili kabla nilikaa nayo uani, nikaifungua msokoto. Ilikuwa na nyuzi tatu nene. Mbili nilizikata kwa wembe, ya tatu nikaiacha. Nikaisokota tena, nikapaka tope na mavi ya ng'ombe, ukiitazama haina kitu. Ile nusu ya kamba ya baba ilikuwa mfukoni mwangu nilipofanya hivyo. Nilisema kamba kwa kamba.

Siku yenyewe ulikuja na ile kanga yako nyeupe ya kumchezeshea ng'ombe, umetia manukato kama bwana harusi, wanawake wanakuimba. Ukafanya kama wanavyofanya wachezaji wote, ukaishika kamba kwenye mti ilikofungwa ukaipapasa mpaka kwenye shingo ya ng'ombe. Mimi nimesimama karibu na mpiga zumari. Mkono wako ulipofika pale nilipokata, ulisita. Halafu ukapita. Ukamalizia mpaka shingoni, ukageuka ukawacheka watu, ukaingia uwanjani. Nikasema moyoni, hakujua.

Yaliyobaki unayajua. Kamba ikakatika mara ya tatu ng'ombe alipovuta. Nilikuwa nimengoja karibu miaka mitatu nikuone chini, na nilipokuona chini sikuona raha hata ya kutosha kijiko. Nilisikia sauti tu ya ule mfupa. Halafu dume lile likaja kwetu. Watu mia mbili pale, likanichagua mimi. Mguu huu ninaochechemea nikauzia miwani, ndio ule. Wakanilaza hospitali chumba kimoja na wewe, unakumbuka? Kitanda cha pili. Ukaniuliza, "Talib, unaumwa sana?" Nikageuza uso.

Basi nisingeweza kukuandikia nimekusamehe, na hali nimeshajilipa, tena nimejilipa zaidi. Na nisingeweza kuandika sikusamehe, kwa sababu hiyo hiyo. Ndio nikakuletea habari za bibi na panya.

Sasa naandika. Mimi Talib mtoto wa Duni nimekusamehe kamba ya baba yangu, duniani na akhera, sina dai. Hata ungekataa langu, hili limetoka halirudi.

Na mimi naomba yako. Wewe umesema mwenyewe, haki ya mtu haifutwi mpaka mwenyewe aifute. Ukiondoka hujanijibu, mimi nitaishi nayo mpaka tukutane huko, na huko sina meza ya kuuzia maneno. Nijibu Jawad. Hata mwambie Fahmi kwa mdomo, ndio au hapana, bila ya kumwambia ni ya nini.

Nimechoka yakhe. Mwaka wa nne huu nimechoka, watu wanadhani ninacheka.

Talib Duni


Chokocho
15 Oktoba 2024

Kwa Talib Duni,

Assalaam alaykum.

Jawad alifariki Jumapili tarehe sita, baada ya sala ya adhuhuri. Najua unajua. Nimeambiwa ulikuja kumzika. Nimeambiwa ulisimama safu ya nyuma, na shehe alipouliza kama tumemsamehe marehemu, wewe ulijibu kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka. Nimeambiwa pia uliingia kaburini na mguu wako huo, na ikabidi watu wawili wakuvute kukutoa. Kaka yangu Hudhaifa alitaka kukuuliza umekuja kwa ruhusa ya nani, wazee wakamzuia.

Barua yako ilifika tarehe mbili. Uliandika asisome mwengine. Mikono yake haikushika hata kijiko, kwa hiyo nimeisoma mimi, kwa sauti, yote. Sikujua nasoma nini mpaka nimeshafika katikati. Nilitaka kuacha, kanambia, "Endelea."

Nilipomaliza aliniambia nilete kalamu. Halafu alisema maneno haya, tuliyaandika siku mbili kwa sababu alikuwa akichoka. Nayanakili kama alivyosema:

"Talib. Mkono wangu haukusita kwa bahati. Niliusikia mkato. Mtu aliyecheza ng'ombe miaka kumi na tano anaijua kamba kama anavyojua shati lake. Na kamba nilijua nani kaileta. Nikasema moyoni, ikikatika ni haki ya Mzee Duni, isipokatika Mungu kanifutia. Nikaingia. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, mimi niliikubali. Nimekusamehe tangu siku ile uwanjani, na leo nakwambia tena mbele ya Nihal, duniani na akhera. Lakini mimi nina kosa jengine ambalo sikuliandika. Nilijua itakatika, na uwanja umejaa watu, wazee na watoto, sikumwambia mtu asogee. Nilifikiria hesabu yangu na Mungu tu. Mguu wako ni juu yangu. Ungekufa, ungekuwa umekufa kwangu. Nisamehe na hilo. Kama barua itachelewa, basi lisemee kaburini, nitasikia."

Hayo ndio yake. Baadaye alilala vizuri, siku tatu za mwisho hakulalamika. Nasema hili kwa sababu ni haki yako kulijua.

Sasa langu.

Miaka mitatu na nusu nimemgeuza mume wangu kila baada ya saa mbili. Nimefua mashuka mpaka kucha zimelainika. Nimeuza bangili, nimeuza cherehani. Mtoto wetu Ummkulthum alikuwa na miaka minne, baba yake anayemjua ni wa kitandani. Muda wote huo nilijiambia ni kadari. Niligombana na kadari mwaka mzima, nikashindwa, nikapatana nayo. Nilikuwa nimeshapatana nayo, Talib. Sasa nimekaa hapa naambiwa haikuwa kadari. Mmoja kaikata, mwengine kaipapasa akacheka na watu akaingia. Nyinyi wawili mlikuwa mnajua. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake napiga makofi.

Mmeombana radhi nyinyi wanaume, mmepeana, mmemaliza. Mimi hakuna aliyeniomba. Yeye mwenyewe hakuniomba. Nilikaa mbele yake na kalamu, nikangoja baada ya neno la mwisho labda aseme na wewe Nihal. Kalala.

Yeye simlaumu tena, ni marehemu, nitajitahidi. Wewe uko hai.

Mimi niko edani. Siwezi kukuona wala kuonana na mwanamme asiyekuwa wangu mpaka miezi minne na siku kumi ipite. Itaisha katikati ya Shaabani. Usiniandikie barua ya kuniomba radhi. Wewe kwenye karatasi ni fundi. Eda ikiisha, uje hapa Chokocho kwa mguu wako, ukae kwenye mkeka barazani, Ummkulthum na mdogo wake wawepo, na uniambie kwa mdomo ulichofanya, mwanzo mpaka mwisho, bila ya kuchekesha. Nitakachokujibu sikijui. Huenda nikakufukuza. Usije ukitarajia kitu.

Miezi minne na siku kumi si mingi. Kaa nayo.

Nihal


Wete
22 Oktoba 2024

Bi Nihal,

Assalaam alaykum. Mungu amrehemu Jawad.

Umesema nisiombe kwa karatasi, siombi. Hii ni ya kujibu tu kwamba yako nimeipata. La mguu wangu nimemsamehe. Nilikwenda jana kaburini nikalisema, hakukuwa na mtu.

Umeuliza, au kaka yako kauliza, nilikuja maziko kwa ruhusa ya nani. Asubuhi ile mama alinikuta navaa kanzu, kauliza wapi, nikamwambia. Kaninyanyua mkono. Halafu kasema, "Vua, imechanika kwapani." Kaishona huku nimesimama. Habari ya kamba ya Wambaa sijamwambia bado. Nitamwambia wiki hii, kwa sababu sitaki nije kwako nimeacha mtu mwengine nyuma ambaye hajui.

Katikati ya Shaabani nitakuja. Ukinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa barazani kwako, mbele ya watoto, baada ya kusema.

Talib